Mfuga Maji

Ukishuka chumba cha chini nyumbani kwa mjomba wangu, huonyeshwi mnyama kwanza. Unaonyeshwa kipimajoto. Kimebandikwa ndani ya kioo cha tangi, na mjomba hukiinamia huku miwani ameisogeza juu ya paji la uso. "Kumi na saba," husema. Akisema hivyo umebahatika, utakaribishwa kiti. Akisema "kumi na tisa na nusu", utasimama hapo mlangoni mpaka amalize kuhangaika na feni.

Baada ya kipimajoto ndipo utamwona aksoloti. Urefu wake ni shubiri na ushei. Kichwa bapa, mdomo mpana unaoonekana kutabasamu ingawa ni umbo la taya tu, macho madogo yasiyofumba kwa kuwa hayana vifuniko, miguu minne myembamba kama njiti. Kila upande wa shingo yamechomoza matawi matatu ya matamvua mekundu, nayo hupepea polepole hata mnyama mwenyewe akiwa ametulia kama jiwe. Ni jamaa ya salamanda, ukoo usiopatikana kabisa Afrika kusini mwa Sahara, na ndiyo maana babu zetu hawakuwahi kupata sababu ya kumtafutia jina. Kinachomtenga na ndugu zake ni kwamba hakui kama wao. Kiluwiluwi cha chura huota miguu, hupoteza mkia na matamvua, kikatoka majini. Aksoloti huota miguu halafu akaishia hapo. Hupevuka, huzaa na huzeeka akiwa bado na matamvua ya utotoni, na hatoki majini maisha yake yote.

Mjomba alitoka Tanga akiwa kijana, akaishia Freiburg, kusini mwa Ujerumani, na huko amefanya kazi zaidi ya miaka 30 akifunga na kutengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto. "Mchana nawapashia Wajerumani, usiku napoza maji," aliniambia nilipomtembelea mara ya kwanza. Nilicheka, naye hakucheka. Freiburg ni kati ya miji yenye joto kuliko yote Ujerumani. Mwezi wa saba ukipamba moto, mtu aliyezoea pwani hujisikia yuko nyumbani, na aksoloti huanza kufa. Nyuzi 16 hadi 18 ndizo zake. Ishirini anavumilia. Zikipita 24 anaacha kula, ngozi inaota ukungu, na kama mwenye nyumba amesafiri, basi.

Sababu iko kwao. Asili yake ni maziwa ya bonde la Mexico, Xochimilco na Chalco, kwenye kimo cha mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari. Hicho ni kimo cha Limuru, Kenya, na aliyewahi kulala Limuru mwezi wa Julai anaelewa. Chalco lilikaushwa kwa ajili ya mashamba. Xochimilco imebaki mifereji inayopita kati ya chinampa, vishamba ambavyo wenyeji walivijenga kwa tope na matete ndani ya ziwa kabla Wahispania hawajafika. Jina lenyewe ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki: *atl* ni maji, na Xolotl ni mungu wao aliyehusishwa na mbwa na mauti. Husimuliwa kwamba miungu wenzake walipotakiwa kufa ili jua litembee, yeye alikimbia. Akajigeuza mhindi wa mabua mawili, akaonekana. Akajigeuza mkonge, akaonekana. Mwisho akajitosa majini akawa aksoloti, na humo ndimo walimomkamata.

Nilidhani kufuga mnyama ni kununua mnyama. Tangi la kwanza la mjomba lilikaa wiki saba na maji matupu. Mkaza mjomba alipouliza tangi lisilo na kitu linakula umeme wa nini, alijibiwa kwamba linavundikwa. Nimejaribu kutafuta neno bora kuliko hilo nimeshindwa. Ndizi huzivundiki kwa kuzipigia kelele. Unazifunika, unaziacha, unakwenda kufanya mambo mengine, na kazi inafanywa na joto usiloliona. Tangi nalo linasubiri bakteria. Kinyesi cha mnyama hutoa amonia, na amonia humuunguza matamvua. Wako bakteria wanaoila amonia na kuigeuza naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kisha huja bakteria wengine, wazito kuzaliana, wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, na hiyo ikiwa kidogo haidhuru, unaipunguza kwa kubadilisha maji. Jamii hizo mbili hazinunuliwi zikiwa kamili. Unatia matone ya amonia kwenye maji yasiyo na mnyama, unapima, unasubiri.

Daftari la wiki zile saba bado analo. Ni la mistari, la shule, na kila ukurasa una safu tatu za tarakimu kwa kalamu ya risasi. Siku za mwanzo amonia inapanda tu. Siku ya 16 inaanza kushuka, na pembeni ameandika "wamekuja". Kisha naitraiti inapanda, kichupa cha kupimia kinageuka zambarau, na wiki mbili nzima zambarau haiondoki. Mtu mwingine angekata tamaa, au angekwenda dukani kununua mnyama na kujaribu bahati. Siku ya 44 naitraiti ni sifuri. Siku ya 45 sifuri. Ya 46 sifuri. Alisubiri siku tano zaidi kwa sababu, alisema, bakteria hawakumsainia mkataba.

Bakteria hao hukaa zaidi kwenye sponji ya chujio, na hapa ndipo wanaoanza huanguka wengi. Sponji ikichafuka mtu huiosha. Ukiiosha kwa maji ya bomba yenye klorini, umeua kila ulichokivundika. Husuuzwa kidogo tu ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, irudi ikiwa bado na uchafu wake wa heshima. Mara moja mkaza mjomba, kwa wema, aliisuuza kwenye sinki la jikoni mpaka ikang'aa. Mjomba hakusema neno. Alibadilisha maji kila siku kwa wiki tatu, ndoo kwa ndoo, mpaka tarakimu zikarudi.

Mengine aliyonifunza ni ya jicho. Matamvua yakikunjwa kuelekea mbele, mnyama anasumbuliwa, mara nyingi na mkondo wa maji, kwa kuwa yeye ni wa maji yaliyotulia. Ncha ya mkia ikijikunja kama ndoano, kuna kitu majini. Kokoto hazifai chini ya tangi. Aksoloti hali kwa kutafuna, hufungua mdomo ghafla akavuta maji pamoja na kilichomo, na kokoto ikiingia huenda isitoke. Kwa hiyo ni mchanga mwororo, au kioo kitupu. Mwanga uwe hafifu, macho hayana pa kujifichia. Awekewe chungu kilicholazwa ubavu, aingie akitaka. Na usimshike: ngozi ile ina ute unaomkinga, na mkono wako mkavu unauondoa.

Chakula ni nyungunyungu, basi. Viko vidonge dukani, viko vijidudu vyekundu vilivyogandishwa, lakini mjomba ana pipa la mboji uani na hufuga nyungunyungu wake mwenyewe kwa maganda ya viazi. Mkubwa hulishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Akimkatalia nyungunyungu, haongezewi mwingine wala habembelezwi, hupimwa maji. Mgonjwa hulazwa kwenye kopo lenye maji safi ndani ya friji, nyuzi 5 hadi 8, mwili upunguze kasi wakati kinga inapambana. Friji hiyo ni ndogo na iko chini. Ilinunuliwa jioni ileile mkaza mjomba alipofungua kopo la siagi jikoni akakuta nyungunyungu.

Nilimuuliza kama kuna siku mnyama wake atabadilika, akaacha matamvua na kutoka nje kama salamanda wengine. Aliliacha swali likae, kisha akaniambia mji ule ulishawahi kumwona mwanamke aliyelijibu.

Habari inaanza Paris. Baada ya jeshi la Ufaransa kuingia Mexico, shehena ya aksoloti 34 ilipelekwa Ufaransa mwaka 1863. Sita kati yao, madume matano na jike mmoja, walikabidhiwa mwanazoolojia Auguste Duméril kwenye bustani ya wanyama na mimea, Jardin des Plantes. Mwaka 1865 wakazaa. Kisha, mbele ya macho ya Duméril, baadhi ya watoto wakapoteza matamvua na kugeuka salamanda wa nchi kavu ambao hakuna aliyewatarajia. Watoto wa Duméril wakagawiwa kwa wataalamu na wafugaji Ulaya nzima. Sehemu kubwa ya aksoloti wa maabara na wa majumbani leo wanatokana na ukoo huo, akiwamo mweupe mwenye macho meusi anayependwa madukani, maana miongoni mwa waliofika Paris alikuwamo dume mweupe. Wa dhahabu ni habari nyingine: weupe wake wa zeruzeru uliingizwa miaka ya 1960 huko Marekani kwa kumchanganya na salamanda wa aina nyingine. Sina hamu na orodha ya rangi. Wanaomchagua aksoloti kama anayechagua kitenge mara nyingi ndio wale ambao tangi lao halikukaa hata wiki moja tupu.

Mwanamke wa Freiburg alikuwa Marie von Chauvin. August Weismann, mwanabaiolojia wa chuo kikuu cha mji huo, alikuwa ameshindwa kuwageuza aksoloti kwa makusudi, akampa yeye kazi. Katika miaka ya 1870, von Chauvin aliwaweka kwenye maji ya kina kifupi, akayapunguza kidogo kidogo, akawasogeza kwenye kuvumwani mbichi, akiwalisha na kuwalowesha bila kukosa, mpaka wakaanza kupumua hewa na matamvua yakanywea. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na saa nyingi na mkono usiotetemeka. Siri ya kemikali ilikuja baadaye, mwaka 1913, mtafiti Vilém Laufberger alipowalisha tezi ya shingo ya mifugo wakageuka: homoni yenye madini joto (iodini), yaleyale tunayotiliwa kwenye chumvi, ndiyo inayokosa nguvu mwilini mwao. Leo kuna watu wanaomwagia aksoloti iodini nyumbani ili waone. Wengi wa wanyama hao hufa, na wanaopona huishi maisha mafupi. Mjomba anamheshimu von Chauvin kwa uvumilivu, lakini hataki kumuiga. "Mtoto akikataa kuota ndevu, utamgundishia?"

Kuzaa ni suala la giza na baridi. Dume hutambulika akipevuka, karibu na mwaka mmoja, kwa uvimbe nyuma ya miguu ya nyuma. Jike huwa mnene kiunoni. Hukaa matangi tofauti, kwa kuwa dume hajui kupumzika, na jike anayezalishwa mfululizo huchakaa. Majira ya baridi mjomba hufunga dirisha la chini kwa kitambaa, huacha maji yashuke mpaka nyuzi 14, kisha usiku mmoja huwaweka pamoja juu ya vigae vilivyokwaruzwa.

Februari nilikuwapo. Tulikaa na tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, hatuongei. Dume alimsukuma jike kwa pua, mara mbili, akageuka akatangulia, mkia ameuinua na kuutikisa kama mwanamke wa Kidigo aliye mbele ya ngoma. Akatembea hatua, akasimama, akatetemeka, akasogea. Pale alipotoka pakabaki juu ya kigae kijimnara cha ute chenye kofia nyeupe, kisichozidi punje ya mchele kwa upana. Hiyo ndiyo mbegu. Jike akafuata nyayo zake taratibu, akapita juu yake, akajishusha, na kofia haikuwapo tena. Hawakugusana zaidi ya pua. Nilihesabu vijiminara kumi na viwili kabla ya saa nane ya usiku, na jike alipita mbali na zaidi ya nusu ya hivyo bila kuvijali.

Asubuhi dume aliondolewa. Usiku uliofuata jike alianza kutaga. Hushika jani kwa miguu ya nyuma, hulikumbatia, hutulia, akiachia kuna yai moja limeganda, kitone cheusi juu na cheupe chini ndani ya tufe la ute. Kisha jani jingine, yai jingine. Wanaweza kutaga mia, wanaweza kutaga elfu. Huyu alimaliza alfajiri ya pili, na majani yalikuwa mazito kama yamepigwa na mvua ya mawe. Naye akatolewa, kwa kuwa akiona njaa atayala.

Hapo nikaona sehemu ya ufundi huu ambayo sikuitarajia. Mjomba alileta taa na sinia. Akachagua mayai 30, yaliyotawanyika majani mbalimbali, akayaweka kwenye beseni. Mengine, mia nne na zaidi, akayatia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na majani yake, akapanda nao jikoni, akaufunga na kuuweka kwenye friza. Hufanywa siku ya kwanza au ya pili, kabla ya yai kuwa na chochote kinachoweza kuhisi. Nilibaki nimeduwaa. Mkono uleule uliovundika maji wiki saba! "Mjomba," akaniita, maana sisi huitana hivyo pande zote mbili, "kila mmoja wa hawa anataka tangi, na maji haya, na miaka kumi ya mtu. Miye nawajua watu wasiozidi wanane." Halafu akanionyesha daftari jingine. Ni la koo: nani katoka kwa nani, mfugaji yupi, mji upi. Hazalishi ndugu kwa ndugu, na mnyama asiyejulikana alikotoka hazalishwi, hata awe mzuri vipi. Kwa wanyama ambao mababu zao ni wachache kiasi hiki, daftari hilo ni nusu ya kazi.

Yai lililo hai hubadilika ukilitazama. Duara hurefuka likawa kama harage, harage likapata mgongo, mgongo ukapata mkia. Lililokufa hugeuka jeupe na kuota manyoya ya ukungu, na huondolewa siku hiyohiyo lisiwaambukize wenzake. Wiki mbili hadi tatu kutegemea ubaridi, kinatoka kitu cha urefu wa milimita 11, kama ukope wenye macho. Siku mbili tatu humtosha kiini alichozaliwa nacho. Kisha anahitaji kula, na hali kisichotikisika.

Kwa hiyo pembeni mwa baridi ile kuna kona ya joto. Chupa mbili za soda zimepinduliwa, zimejaa maji ya chumvi ya nyuzi 28, hewa inachemka ndani yake: Tanga iliyotiwa chupani. Humo huanguliwa artemia, vijidudu jamaa ya kamba, ambao mayai yao makavu huuzwa koponi na huamka ndani ya siku moja. Chupa ya leo huvunwa leo, ya kesho hutegwa leo. Artemia huchujwa kwa kitambaa kama cha tui, husuuzwa chumvi yote itoke, hutiwa kwa pipeti kwenye beseni. Baada ya saa moja waliobaki hunyonywa watoke, maana kwenye maji baridi yasiyo na chumvi hufa na kuoza. Maji hubadilishwa. Jioni, tena. Mwezi mzima au zaidi, asubuhi na jioni. Mjomba hajasafiri majira ya baridi kwa miaka sita.

Miguu ya mbele hutangulia, kinyume na chura ambaye ya nyuma ndiyo huanza. Wakifika sentimita mbili huwa wakatili. Chochote kinachopita puani huumwa, na kinachopita mara nyingi ni mguu wa ndugu. Hutengwa kwa ukubwa, kila mmoja na kikombe chake ikibidi. Mguu uliokatwa huota upya, mfupa, msuli na vidole vyote, bila kovu. Hilo ndilo limewafanya wanasayansi wawe nao maabara miaka 150, na mwaka 2018 wakasoma jenomu yake yote, herufi bilioni 32, mara kumi ya yetu. Mjomba hafurahishwi na mguu unaoota upya. Kwake mguu ule ni ushahidi kwamba alichelewa kuwatenga.

Niliwahi kumwambia kwamba angalau anaokoa aina ya mnyama isipotee. Alikataa sifa hiyo. Kule Xochimilco hesabu ya mwaka 1998 ilikuwa aksoloti 6,000 hivi kwa kilomita moja ya mraba, na ya 2014 ilikuwa 36. Maji yamechafuka, na perege na kapu walioletwa kufugwa humla mayai na watoto. Picha yake iko kwenye noti ya peso 50, iliyotoka mwaka 2021, wakati mwenyewe karibu hapatikani. Wa matangini wamezaana wao kwa wao muda mrefu mno, wamechanganywa, na hawafai kumwagwa kule. Wanaofanya kazi hiyo ni watu wa chuo kikuu cha taifa cha Mexico pamoja na wakulima wa chinampa, wanaoziba mifereji kwa vichujio samaki wageni wasipite. Sisi tunalo la kwetu la kulinganisha: chura wa Kihansi, aliyehifadhiwa ndani ya vioo Marekani baada ya bwawa la umeme kumnyima manyunyu ya maporomoko, akarudishwa Tanzania mwaka 2010. Wale walikusanywa kwa hesabu, kwa nia ya kurudi. Wa mjomba hawana safari. Anawafuga kwa sababu anawapenda na kwa sababu anaweza.

Niliondoka wiki ile ya mayai. Mwezi wa tatu akanitumia video fupi. Beseni limemulikwa kwa pembeni, vitu kama nyuzi vinaelea, kimoja kikaruka ghafla na kurudi kutulia. Ngozi yao bado ni kioo, na kila tumbo lilionekana lina kitone cha rangi ya chungwa, artemia wa asubuhi. Sauti ya mjomba ikasikika nyuma, chini chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Thelathini na moja, mjomba. Kuna mmoja alijibana chini ya jani, sikumwona siku ile. Nimemtafutia kikombe."